Mazoezi Ghalani kwa Eddo Kaltun

Ukitaka kumjua Guleid, anza na pua yake. Ilivunjwa ulingoni Nairobi, ikanyooshwa na fundi wa baiskeli, na tangu siku hiyo ilitazama upande wa Isiolo hata mwenyewe akielekea Lamu. Mwaka wa sitini na tano, vita vya serikali na waasi vilipokuwa vimekaza na malori hayatoki Garissa ila kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, pua hiyo ilirudi nyumbani na mwenyewe, na glavu kuukuu za ngumi, na wazo la kufungua ukumbi wa mazoezi.

Watu walicheka, lakini vijana wa mji walikuwa na nini kingine? Kupeleka mifugo malisho ya mbali kulikatazwa. Uwanja wa mpira ulikuwa kando ya mji, na siku zile mtu akionekana anakimbia, aliulizwa anamkimbia nani. Jioni kafyu inaingia, kila mmoja ndani. Basi walikaa vibarazani, wakitemeana maneno na kutafuta ugomvi wa bure. Guleid alikuwa amepigwa makonde ya kutosha maishani kujua jambo hili: kijana aliyechoka vizuri hulala, na aliyelala hashikwi.

Ghala alipewa na Kaltun, dada ya baba yake, ambaye mji mzima ulimwita Eddo, yaani shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Eddo aliuza ngozi. Kwa kuwa malori ya Modogashe yalikuwa hayaji, ghala lake lilikuwa tupu, limebaki na harufu tu. Ukutani palikuwa na vigingi vya kutundikia ngozi, na juu, kutoka ukuta hadi ukuta, boriti nene za kuzianikia.

Vifaa vilitoka kwa Mwalimu Mutiso, Mkamba wa Kitui aliyeletwa kufundisha shule ya msingi. Alikuja na mikeka, kamba za kuruka, na farasi wa mbao wa kurukia, mwenye mgongo wa ngozi na tumbo tupu. Vyuma vya kunyanyua walivitengeneza wenyewe: bomba la maji, na kila upande kopo la saruji.

"Farasi wangu hali wala hanywi," Mutiso alijisifu siku ya kwanza.

"Na maziwa, Mwalimu?" aliuliza Diriye, kijana mwenye kidevu kilichojaa ndevu na mdomo usiojua likizo. "Baba yangu akiniuliza nimepata mnyama gani huku kwenu, nimwambie nini?"

Mambo yalikwenda vizuri mpaka yakawa mazuri kupita kiasi. Vijana walijaa. Waliokosa nafasi walisimama nje wakingoja zamu, na jioni moja doria ikapita, ikaona kundi la wanaume mlangoni wanahema na kutoka jasho. Maelezo ya Diriye kwamba alikuwa akingoja farasi hayakusaidia. Yeye na wenzake wawili walichuchumaa kituoni mpaka asubuhi, Eddo alipokwenda kuwadhamini. Alirudi nao, akamkuta Guleid anafagia.

"Alhamisi, baada ya alasiri, nitakuja na kigoda changu nikae mlangoni," alisema. "Vijana wote watafanya mazoezi, na wote watakuwa ndani. Nikiona mguu mmoja nje ya kizingiti, hata ukiwa wa kuku, ghala nalifunga. Msafara wa Modogashe unaniletea ngozi wiki hii. Na ngozi, Guleid, haijawahi kunipeleka kituoni."

Guleid aliacha kufagia. Kituo cha polisi kilikuwa na siku za kuchuchumaa na siku nyingine ambazo watu hawakuzisimulia. Vijana wale wakirudi vibarazani, nani angejua wangeangukia siku ipi?

Mutiso ndiye aliyetangulia kupanga. Alipanga kama mwalimu: mistari imenyooka, kila kijana na mahali pake, kila kifaa mbele ya mstari wake, farasi katikati kama mwalimu mkuu. Ilipendeza kuitazama, mradi hakuna aliyejongea. Diriye alipozungusha kamba yake, ilimnasa Nunow shingoni. Nunow, aliyekuwa kinyozi na mtu wa heshima zake, aliruka nyuma akamkalia mwenzake aliyelala mkekani. Mistari miwili ikavunjika kama biskuti. Nusu ya vijana walikuwa bado nje.

"Mwalimu, hili ni darasa," alisema Guleid. "Umesahau madawati tu. Nipishe."

Akapanga yeye. Vifaa vyote akavisogeza ukutani kwa duara, katikati akapaacha peupe. Akasimama pale amejishika kiuno.

Mutiso alilizunguka duara polepole. "Hili ni zizi."

"Ni ukumbi."

"Ni zizi, bwana. Umebakisha kutandika miba mlangoni. Hapa katikati unangoja ng'ombe?"

Ng'ombe hawakuja, walikuja vijana. Waliingia, wakaona uwazi mzuri, wakakaa chini kupiga soga, kila mmoja akisubiri vyuma. Maana kila mtu alitaka vyuma. Kamba hazikuguswa, na farasi alitazamwa kwa huruma. Kwenye makopo ya saruji walisukumana mpaka Diriye akapoteza kiatu, na mkia wa msongamano ukatoka tena mlangoni.

Ilikuwa Jumanne. Guleid aliwafukuza wote, akakaa juu ya farasi. Mutiso akaketi mkekani na birika la chai.

"Tuwapunguze," alisema Mutiso. "Nusu waje leo, nusu kesho."

"Eddo amesema wote. Na ile nusu ya kesho, leo itakuwa wapi? Kibarazani." Guleid alipuliza chai yake. "Umewaona kwenye vyuma? Wallahi, kama ngamia kwenye birika la kunyweshea kisimani."

Kikombe kilibaki hewani.

Alikuwa amechunga ngamia utotoni, upande wa Sangailu, na kisimani hakuna mnyama anayeruhusiwa kungojea kando ya maji. Ukiwaacha wote wasogee, wanakanyagana, wanavunja birika, na hakuna anywaye. Kundi moja linakunywa. Mengine yanawekwa mbali, yakila majani, mpaka yaitwe kwa wimbo.

"Mwalimu, sakafu haina kosa," alisema taratibu. "Kosa ni wanaongoja. Mtu anayengoja anakula nafasi kuliko anayefanya kazi. Anasimama, anapanua viwiko, anashika kiuno, anatoa ushauri. Tusiwe na mtu anayengoja hata mmoja!"

"Wakafanye nini?"

Guleid alitazama juu. Mutiso akatazama juu. Boriti za ngozi zilikuwa zimelala pale, tupu, zenye nguvu ya kubeba mji.

"Tumekuwa tukigombania sakafu," alisema Mutiso, "na nusu ya ukumbi iko hewani."

Jumatano walishinda wakihamisha. Kamba zilipanda kwenye vigingi. Vyuma vikawekwa kwenye ukuta mmoja, mbali na mlango, ili wa kuvifuata waingie ndani badala ya kuziba njia. Mikeka ikatandazwa chini ya ukuta wa pili. Farasi, ambaye tumbo lake halikuwa na kazi, alijazwa glavu na makopo ya akiba. Makundi yakawa matatu: moja kwenye vyuma, moja likining'inia kwenye boriti likijivuta juu, moja mikekani. Ukiitwa, unakwenda kwenye vyuma. Waliotoka kwenye vyuma wanapanda boriti. Wa boriti wanashuka mikekani. Waliyajaribu kwa kutembea tu, bila wimbo, yakakubali.

Alhamisi Eddo alifika na kigoda, akakiweka juu ya kizingiti hasa, akajitanda shuka lake vizuri. Vijana waliingia mmoja mmoja wakimsalimu, na kila aliyepita alivuta tumbo ndani. Wote wakaenea.

Walianza. Vyuma vilipanda na kushuka, boriti zililia, mikekani watu walihema. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Eddo alitazama kizingiti, akatazama miguu.

Wakati wa kubadilishana ukafika. Guleid akasafisha koo, akaimba wimbo wa kuwaita ngamia majini, ule mrefu wa baba yake.

Makundi yote yakaja.

Si kwa utundu. Pale ndani hapakuwa na kijana asiyeujua wimbo ule tangu hajaota meno, na hapakuwa na aliyekubali kwamba haumwiti yeye. Walishuka kutoka kwenye boriti kama mvua, waliinuka mikekani, wakakutana kwenye makopo ya saruji. Nunow alifunikwa kabisa. Mmoja alirudishwa nyuma na msukumano, akarudi, akarudi, kisigino chake kikafika kwenye kigoda cha Eddo.

"Simameni!" Guleid alipiga kelele. "Nimeita kundi la mikekani!"

"Umeita ngamia!" alijibu Diriye kutoka chini ya mtu. "Sasa wa mikekani ndio ngamia, sisi nani?"

"Guleid," alisema Eddo. Hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulitulia. "Mbuzi unawaita kwa wimbo gani?"

Mbuzi ni kazi ya wasichana na watoto wadogo. Guleid alikuwa mtu wa ngamia, baba yake mtu wa ngamia. Wimbo wa mbuzi hakuwahi kujisumbua kujifunza.

"Hujui," alisema Eddo. "Una makundi matatu na wimbo mmoja, kisha unashangaa birika likivunjika. Ondokeni hapo! Nyinyi wa boriti, kuanzia leo ni mbuzi, na mnatangulia kunywa."

"Eddo!" Diriye alilalamika. "Mimi nina ndevu!"

"Hata beberu anazo. Panda."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, hata Nunow aliyekuwa akitafuta pumzi yake. Na Eddo Kaltun, aliyenywesha mbuzi wa baba yake kabla Guleid hajazaliwa, aliinua kidevu, akaimba. Ulikuwa wimbo mfupi wa kurukaruka, wenye mlio wa ulimi mwishoni. Wenye ndevu na wasio na ndevu walijikuta wanaruka chini na kuukimbilia ukuta wa vyuma, wao peke yao.

"Bado kundi moja," alisema Guleid, akimgeukia mwenzake. "Mwalimu, Kitui mnawaitaje ng'ombe?"

Mutiso aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliotikisa mabati. Basi wakaendelea: ngamia kwa Guleid, mbuzi kwa Eddo, ng'ombe kwa Mutiso. Makundi yalizunguka ukumbini pasipo kiwiko kugusa kiwiko, na kizingiti kilibaki kikavu, hakikukanyagwa na mtu wala kuku. Mbuzi, kwa hasira ya kuitwa mbuzi, walijivuta juu kuliko wote.

Muda wa kafyu ulipokaribia, vijana walitawanyika mapema, wamelegea, hawana hamu ya kibaraza wala ugomvi. Diriye aliondoka akilia kama beberu mpaka kona. Guleid alisimama mbele ya shangazi yake, jasho likifuata njia ya pua iliyopinda.

"Hakukuwa na mguu nje, Eddo."

"Sikuuona." Aliinuka na kigoda chake, akaingia ndani kwa mara ya kwanza. Akazunguka. Akagusa vigingi, akagonga tumbo la farasi, akafika kwenye kona iliyo nyuma ya mlango. Pale palikuwa peupe, pana kabisa. "Na hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Eddo," alisema Guleid, kifua mbele. "Tumepanga vizuri mpaka nafasi imebaki!"

Mutiso alifumba macho.

"Mashallah," alisema Eddo Kaltun. "Basi ukumbi ni wenu. Ngozi zangu zinashushwa kesho baada ya swala ya Ijumaa, nanyi mtazipanga hapa, mpaka juu. Mna mikono yenye nguvu sasa."

Alitoka akiimba wimbo wa mbuzi kwa sauti ya chini. Wawili wale walibaki wakiitazama kona yao.

"Tungebanana kidogo tu," alisema Mutiso, "kidogo tu, Guleid, ungekuwa umekufa?"

Guleid alikuwa ameshaanza kuipima kona kwa macho, kichwa upande mmoja, pua upande mwingine. "Tukizipanga ngazi ngazi," alisema, "kundi la nne litakuwa la kupanda na kushuka."