Herufi Zilizoelekea Pito

Jumanne moja ya Juni, saa kumi na moja jioni, muuguzi Lucia alivua viatu vya kazi, akajifunika blanketi miguuni, maana baridi ya Sumbawanga ilikuwa inauma, akaendelea na riwaya ya taharuki aliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi. Ilimhusu mwanamke mwenye nyumba nzuri na jina la kuheshimika, ambaye mtu asiyemfahamu alikuwa akimwachia barua mlangoni: *Nakumbuka ulivyokuwa unaitwa.*

Alipofika kwenye maneno hayo, jina lilishuka kutoka kwenye beji yake. Herufi tano nyeusi zilipita juu ya sketi, zikafika sakafuni, zikajipanga mstari kama siafu. Mumewe, Vicent, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi, aliinua mguu kuzipisha.

"Zinaenda wapi?"

"Pito, nadhani."

"Zikishatoka ufunge mlango. Baridi."

Hakuuliza kwa nini Pito, na mkewe hakumwambia. Yeye alizaliwa Edith. Mwaka alioanguka mtihani wa darasa la saba, mjomba wake ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu kijijini kwao. Msichana aliyefaulu, Lucia, aliambiwa hakuchaguliwa. Edith akapewa sare, sanduku la bati na jina la mwenzake, akaagizwa aitike akiitwa. Ameitika miaka ishirini na sita. Lucia mwenyewe aliolewa Pito, kijiji cha nje ya mji, analima.

Jumatano alisoma kurasa thelathini. Jina likaondoka kwenye cheti cha uuguzi kilichotundikwa sebuleni. Alhamisi likatoka kwenye cheti cha ndoa. Angeweza kuacha kusoma. Lakini alitaka kujua kama yule mwanamke wa kitabuni angekiri, na kukiacha kitabu mezani kulimtisha kuliko kukishika.

Ijumaa alimpelekea afisa utumishi vyeti vyake visivyo na jina tena. Yule bwana akavigeuza mbele na nyuma.

"Namba ya faili unayo?"

"Ninayo."

"Basi. Namba inatosha, sista. Rudi wodini."

Jumapili, baada ya misa, alipanda bodaboda mpaka Pito. Alimkuta Lucia uani, anapepeta maharage. Jina lilikuwa kila mahali: mlangoni, kwenye ndoo, kwenye mpini wa jembe, mara mbili ukingoni mwa ungo.

"Karibu, Edith," Lucia alisema. Tangu mama yake Edith afariki, hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

"Asante. Naona yamefika."

"Yalianza kuingia Jumanne. Yule kuku kapata lenye mhuri."

Edith alimtazama kuku, akaona mhuri kweli. "Nimekuja kukuomba msamaha," alisema.

Lucia aliendelea kupepeta. "Na kazi, nayo itakuja?"

"Hapana. Nimeuliza."

"Wewe ungependa ije?"

Edith alimfikiria Vicent na watoto wawili walio shule ya bweni. Alifikiria pia jinsi wodi inavyonyamaza wagonjwa wakishalala usingizi wa mchana, yeye akipita katikati ya vitanda. Tangu aiache nyumba asubuhi alikuwa ameandaa maneno mengi.

"Hapana," alisema.

Lucia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya mbolea. Akamsogezea kigoda.

"Kaa, basi. Hebu niambie, bwenini mlikuwa mnakula nini?"

Edith akamwambia: uji bila sukari, ugali na maharage, wali siku ya Pasaka. Akamweleza vitanda vya ghorofa, foleni ya maji alfajiri, na mwalimu wa Baiolojia aliyechora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu. Lucia aliacha kupepeta. Aliuliza mengi, mengine mara mbili. Alitaka kujua moyo una vyumba vingapi.

"Vinne."

"Vinne," Lucia alirudia polepole, huku akikunja vidole vyenye vumbi, kimoja kimoja. "Hilo nisingelisahau kwenye mtihani."

Jua lilipoanza kuinama, Edith aliaga. Kesho yake alikuwa na zamu ya asubuhi.