Mdomo wa Skola

Mdomo wa juu wa Skola ulitangulia kuingia kwa daktari, mwenyewe akafuata. Tangu jana alikuwa amewaambia watu wa Lukozi kwamba ameumwa na nyuki, nao kwa huruma yao walimpaka asali, majivu na kitunguu. Mzinga wa Mzee Yohane ulichomwa moto asubuhi ile bila hatia yoyote.

"Daktari, mwanangu kaumwa na nyuki," alisema mama yake mkubwa, Klara, kiongozi wa jumuiya, ambaye hata padri humwogopa kidogo.

Daktari Clemence akaubonyeza mdomo. Upande mmoja ulikuwa umepauka, una mabaka ya zambarau. Alipoachia kidole, rangi ilichelewa kurudi.

"Dada, dawa ya nyuki ninayo. Lakini kama si nyuki haitasaidia, na damu isipofika hapa, nyama hii itakufa. Ni nyuki?"

Skola akamtazama mama mkubwa. Kisha akajiwazia akiishi na nusu mdomo.

"Si nyuki. Nimechomwa sindano ya kunenepesha midomo. Mombo, chumba cha gesti, na mama mmoja wa urembo."

"Yesu wangu! Midomo uliyopewa na Mungu ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na kasoro, mama. Nilitaka minene. Wewe si umepewa mvi? Mbona kila Krismasi unazipaka rangi?"

Daktari akakohoa, kikohozi kisicho na mafua. Skola akamwonyesha kwenye simu picha ya kiboksi cha dawa ile.

"Afadhali. Hii ina dawa ya kuiyeyusha," alisema daktari. "Hapa hatuna, ila Tanga ipo. Nawapigia simu, gari letu la wagonjwa linakushusha sasa hivi. Mdomo utarudi mwembamba, na kovu linaweza kubaki."

"Libaki. Mdomo ni wangu."

Klara akavua kanga yake ya mabegani. "Jifunike basi," alinong'ona kwa Kishambaa. "Nje kumejaa watu wa jumuiya."

Skola akaikunja vizuri, akamrudishia, akafungua mlango. Benchi zima likageuka. Mzee mmoja akasahau hata kuitikia shikamoo yake.

"Tazameni, msione haya," Skola alisema. "Mdomo huu ni wa sindano, si wa nyuki. Mama aliyenichoma wiki ijayo anapanda Lushoto, na wasichana wameshajiandikisha. Mama mkubwa, binti yako Happiness yumo."

Kanga ikaanguka sakafuni. Klara alikuwa anatafuta simu.