Viatu vyenye Chuma

Nyumbani kwetu tumejaaliwa madaktari. Mwanangu alipozaliwa nyayo zikitazamana kama wasengenyaji wawili, mama mkwe alitoa dawa palepale: akandwe kwa mafuta ya vuguvugu. Wifi akagundua chanzo: nilikuwa nalala vibaya nikiwa mjamzito. Mume wangu, daktari bingwa, akasema tusubiri.

Dada wa plasta pale kliniki hakuwa na elimu kubwa namna hiyo. Alimlaza mtoto kifudifudi, akampapasa kiunoni akitafuta kishimo au kishungi cha nywele, maana wakati mwingine miguu hupinda kwa sababu ya kasoro ya uti wa mgongo. Hakukuta kitu. Basi akawa anainyoosha kidogo kidogo, kila wiki plasta mpya ngumu ya kuishikilia, hadi nyayo zikakaa sawa. Mwisho akampa viatu vilivyounganishwa kwa chuma.

"Avae mchana na usiku, avuliwe kuoga tu. Ukiiachia, mama, itarudi ilikotoka."

Mama mkwe aliitazama miguu, akaona imepona.

"Mtoto mchanga anatiwa pingu! Kaiba nini?"

Kila nikienda kufua, alimvua. Nikirudi nakuta viatu viko uvunguni, mjukuu kalala raha mustarehe. Namvalisha, nanyamaza. Kunyamaza ndicho kipaji changu. Kungekuwa na mashindano, kabati lingejaa vikombe.

Tuliporudi kliniki, dada alishika kisigino, akakunja uso.

"Mbona inapinda tena? Viatu anavaa?"

"Havuliwi ng'o!" mama mkwe akadakia. "Namsimamia mwenyewe."

"Kama anavaa na bado inarudi, basi huenda mgongo una tatizo tusiloliona. Itabidi aende hospitali kubwa, apigwe picha. Pengine hata apasuliwe."

Nilimtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anatazama dari, inaonekana lilikuwa na mambo mengi.

"Anavuliwa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbu.

"Nani anamvua?"

"Bibi yake. Kila siku."

"Ala! Kumbe una mdomo?" mama mkwe akanigeukia.

"Anao, na mdomo huo umemwokoa mwanawe na kisu," dada akasema, huku akilowesha bandeji ya plasta. "Tunaanza plasta upya. Bibi, njoo ushike goti hili. Ukiliachia, narudia."

Mtoto akaangua kilio. Daktari wetu wa mafuta ya vuguvugu akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, lakini goti hakuliachia.