Namba ya Bibi Mkunga

Kila Jumamosi Mkunga alifungua chumba cha nyuma cha maktaba, akapanga viti sita na kuchonga penseli. Alikuwa amestaafu baada ya kuzalisha nusu ya mtaa, na sasa, bila malipo, aliwasaidia waliomaliza sekondari kuomba vyuo. Wasiokuwa na simu aliwaandikia namba yake kwenye fomu. "Chuo kikiniita mimi, nami nitawaita nyinyi," alizoea kusema, na hakuwahi kumwangusha mtu.

Kati yao alikuwepo binti waliyembandika jina la Maswali. Alitaka uuguzi. Baba yake alikwishakata neno: apate chuo mwaka huu, la sivyo aende kwa shangazi yake akamlelee watoto.

"Bibi, mtoto akitanguliza miguu mnafanyaje?"

"Kwanza jaza jina la baba."

"Na mama akizimia?"

"Atazinduka mwenyewe kwa kelele zako. Jaza fomu!"

Walicheka mpaka mtunza maktaba akagonga ukuta.

Fomu ikaenda na namba ya Mkunga, kwani binti hakuwa na simu. Wiki tatu baadaye dada yake Mkunga akafariki, ndugu pekee aliyekuwa amebaki. Salamu za rambirambi zilimiminika, na kila simu ilipolia aliona kama anafiwa upya. Siku ya pili ya msiba akaizima, akaitia kwenye droo chini ya nguo za marehemu. Ikakaa humo siku kumi na moja.

Jumamosi aliyorudi maktaba, aliiwasha akiwa bado mlangoni. Katikati ya pole nyingi palikuwa na ujumbe wa chuo: hongera, thibitisha nafasi yako ndani ya siku saba. Ukafuata mwingine, wa juzi: nafasi amepewa mwombaji mwingine.

Akapiga chuoni palepale.

"Orodha imeshafungwa, mama," karani wa zamu alisema, wala si kwa ukali.

"Kosa ni langu. Si la mtoto."

"Nakuelewa, mama. Mwambie aombe mwakani."

Maswali alifika mapema kama kawaida yake, na bahasha ya picha ndogo alizopiga kwa ajili ya chuo.

"Shikamoo, Bibi. Pole tena."

Mkunga akampa simu. Binti akasoma, akarudia kusoma, kisha akaiweka mezani polepole.

"Nilikuja msibani siku ya tatu," alisema.

"Nilikuona. Uliosha vyombo."

"Nilikuja kukuuliza kama wameandika. Nikakuona ulivyokaa pale chini, nikaona haya."

Mkunga alikwisha kuwapa wazazi habari mbaya kuliko hii, lakini siku zote alikuwa na kitu mikononi, taulo au beseni. Sasa hakuwa na chochote.

"Shangazi anakuja Jumatatu," Maswali alisema. Akachukua bahasha yake, akakirudisha kiti mahali pake na kutoka.

Wengine wakaingia. Msichana mmoja mgeni akakaa kwenye kiti kilekile, akafunua fomu.

"Bibi, mimi sina simu. Wanasema huwa tunaandika namba yako."

Mkunga aliitazama ile nafasi tupu kwenye karatasi.

"Andika ya mtu mwingine, mwanangu," alisema. "Yeyote yule."