Raba za Fundi Viatu

Fundi viatu hushinda kitini akigonga soli, na jioni hukaa tena mbele ya televisheni, moyo mzito bila sababu anayoijua. Mkewe alimnunulia raba ili watembee pamoja.

"Kesho, mama watoto. Nimechoka."

"Umechokaje, na umekaa kutwa?"

Kesho ikawa kesho, mpaka mama watoto akaacha kumbembeleza, akawa anakwenda matembezi na mama jirani.

Leo fundi alisikia mkewe akicheka nje. Kicheko hicho alikuwa amekisahau. Akazitoa raba kabatini, akazivaa upesi. Kufika mlangoni, soli zikabanduka. Na yeye ndiye huwafokea wateja kila siku: "Mnaweka viatu bila kuvaa mpaka gundi inakauka, halafu lawama kwangu."

"Ningoje, nitie gundi," aliita.

Mkewe alikuwa ameshakata kona, bado anacheka.