Mwenye Sinia

Mchoraji alipouliza swali lake, binti alikuwa amebanwa kwenye kochi, mumewe huku, mama mkwe kule. Picha za siku baba mkwe alipozindua kiwanda zilitandazwa mezani, mchoraji azigeuze mchoro mmoja mkubwa wa ukutani.

"Huyu wa gauni la kijani, mwenye sinia, ni nani? Nimweke wapi?"

Huyo wa sinia alikuwa mama mzazi wa binti. Alialikwa kama mgeni, akajishonea gauni jipya, akapewa kiti. Lakini mama yule hajui kukaa mikono mitupu penye shughuli ya watu. Alimwona mhudumu kaelemewa na soda, akampokea sinia, na hapohapo mpiga picha akamnasa. Yaani saa nzima mama alikaa kitini, mpiga picha hakumwona!

"Mvike aproni," alisema mama mkwe kwa sauti tamu kabisa. "Viti vya mbele vimeshajaa. Au unasemaje, mwanangu?"

Binti alimtazama mumewe. Mume, mwanamume mzima na ndevu zake, alikuwa anakagua kamba za viatu.

"Sawa, mama," alisema binti. Basi, akawa amemuuza mamake.

Mchoro ulipokamilika ulimeza ukuta mzima wa sebule. Waliokaa mbele walichorwa hadi vifungo vya makoti. Vibarua waliojazana nyuma ya kamba walipata vichwa tu, vidogo kama njugu, maana nani angewauliza? Katikati, mgongo umepinda, mwanamke wa aproni anamwinamia baba mkwe na soda.

Jumapili mama akaja kujiona. Mtaa mzima alikuwa ameshautangazia kwamba amechorwa.

"Haya, mimi niko wapi?" Kidole chake kilipita kiti kwa kiti, taratibu, kisha kikarudia tena. Mama mkwe alikaa pembeni na kikombe chake cha chai, anatabasamu. Binti akitaja ukweli, mama ataumia, na yeye mwenyewe nyumba hii itamtapika. Asipotaja, je?

"Hukuingia, mama. Nafasi haikutosha."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni."

Mama alicheka kidogo, kile kicheko cha kumezea aibu. "Wambea wangu watanicheka leo." Kidole kikasimama katikati. "Na huyu je?"

"Mhudumu tu."

Mama alimtazama mwanamke wa aproni kwa muda mrefu. Binti alijaribu kumsoma usoni kama amejitambua, akashindwa, na kuuliza hawezi.

"Afadhali yake," alisema mama. "Mwanawe akipita hapa, atamwona."

Binti alifungua kinywa. Mama mkwe akatua kikombe kwenye kisahani, polepole.

"Ndiyo, mama," alisema binti. "Atamwona."