Taa za Lori la Mzee Kombo

Mwatumu alikuwa fundi wa redio na tochi pale Nyakahura, kando ya barabara ya malori, na kazi yake ilikuwa safi. Redio iliyotoka mikononi mwake haikurudi na ugonjwa uleule. Lori la Mzee Kombo tu ndilo lililorudi, likarudi tena, mpaka Avelina, muuza maharage wa jirani, akauliza kama hilo ni lori au mgonjwa wa kliniki.

Lilikuwa lori la kuchezea, refu kama mkono wa mtu mzima. Kombo aliendesha malori ya kweli ya kwenda Rusumo mpaka goti likagoma kukanyaga klachi. Akafungua duka la mchele ng'ambo ya barabara, akanunua kigari cha rimoti, akakivua ganda la plastiki na kukivisha bodi ya bati la debe la mafuta, na tela nyuma, na kipande cha turubai. Kilichopungua ni taa, akakipeleka kwa Mwatumu.

Basi Mwatumu akachomoa taa za LED kwenye tochi zilizokufa. Ya kwanza aliiunga moja kwa moja na betri. Ikamulika kama radi, ikafa papo hapo. Tangu hapo kila taa aliitilia rizista ya kuupunguza umeme, mguu mrefu wa taa upande wa chanya, mfupi upande wa hasi, akachomelea kwa risasi ya kuyeyusha. Indiketa alizipata kwenye raba za watoto za mtumba, zile ambazo kisigino hukonyeza mtoto akitembea. Akaziunga na usukani: gurudumu likikata kulia, ya kulia inakonyeza.

Kombo akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba dereva wa lori huwasha ya kulia hata akiwa amenyoosha, kumwambia aliye nyuma asipite, mbele kuna gari. Ya kushoto humwambia apite. Lori lisilozungumza na walio nyuma, alisema, ni kabati lenye magurudumu. Mwatumu akafumua zote, akaziunga na vitufe viwili vya rimoti ambavyo havikuwa na kazi.

Kazi ikaisha. Ndipo Mwatumu akagundua kwamba hataki iishe.

Binti yake Shamsia alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye Biharamulo mjini. Mama gani, aliuliza Shamsia kwenye simu, anaishi peke yake barabarani, na macho hayo, na moshi huo wa risasi? Mwatumu hakutaka kwenda, wala hakuwa na sababu ya kubaki ambayo mjane wa umri wake angeitamka mbele ya mwanawe bila kujifunika kanga usoni. Sababu yenyewe ilikaa ng'ambo, ikauza mchele, na haikujua kusema.

Akatumia ujanja. Taa ya breki akaichomelea nusunusu: ukiigusa imeshika, lori likiruka kijituta, inaachia. Asubuhi Kombo akarudi, lori kwapani, akisikitika kwa uso wa furaha. Akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri akisimulia mizani ya kupimia malori, matairi na matope ya Kasulo. Habari za ndoa, hata neno. Taa ya mbele nayo ikapewa ugonjwa uleule. Kombo akarudi, akasimulia mizani nyingine.

Alhamisi alileta lori lote giza. Mwatumu akalipindua, akaenda moja kwa moja alikojua kuna kasoro yake. Kasoro ilikuwa kwingine. Waya mkuu ulikuwa umekatika, mkato ulionyooka.

“Mzee Kombo,” alisema, “panya wa kwako wananyoa ndevu?”

“Kwa nini, Bi Mwatumu?”

“Huyu ameukata waya kwa wembe.”

Kombo akakohoa, akalikagua goti lake. “Jana ulilitengeneza vizuri mno,” alisema. “Nikaona leo sitakuwa na safari.”

“Sikutengeneza vizuri. Nililipua kazi makusudi. Na ile taa ya breki pia.”

Avelina akaacha kuchambua maharage ili asikie vizuri.

“Sasa tufanyeje?” Kombo akauliza.

“Mimi Jumamosi nahamishwa. Utaratibu unaujua. Si mimi wa kuja kubisha hodi kwako.”

“Nitamtuma nani, kwa umri huu? Atacheka.”

“Acheke njiani. Akifika kwangu atakaa vizuri.”

Ijumaa baada ya sala, Abdulkarimu, mwadhini, alikuja kama mshenga, midomo ameibana kicheko kisimtoroke. Kabla hajamaliza salamu za utangulizi, alikuwa ameshajibiwa.

Shamsia alipofika na pikapu ya kupakia vyombo, alimkuta mjomba wake wa Runazi na wazee wamekaa mkekani, wanasubiri nikahi ya alasiri. Akaamkia wote shikamoo, akaelezwa, akakaa juu ya gunia.

“Kwa hiyo mama, chumba nimepaka rangi bure?”

“Si bure, mwanangu. Tutakuja kukutembelea. Kitanda ni futi ngapi?”

Shamsia akasema ni futi tatu, huku akitazama chini.

“Kibadilishe,” mama yake akamwambia, kisha akamwita dereva wa pikapu, akamwonyesha duka la mchele: avuke barabara akapakie masanduku ya bwana harusi ayalete hapa, na taratibu, kwani mwenyewe ana goti bovu na atataka kukaa mbele.